Mkono Wangu wa Kushoto na Bamba la Mama

Nikisikia mwiko wa chuma ukikwaruza bamba la moto, shingo yangu hugeuka yenyewe. Juzi nilikuwa napita sokoni na shughuli zangu nyingine kabisa, nikausikia mlio huo, kwaa, kwaa, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la nne niliyesimama kwenye kibanda cha mama pale mtaa wa Malangali, moshi wa mkaa umenijaa kwenye nywele, baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba inaniuma mgongoni, na tumbo linaota moto.

Bamba lenyewe lilikuwa kipande cha chuma kinene, bapa, ambacho fundi wa kuchomelea alikikata kwenye mabaki ya lori. Mama alilijengea jiko la matofali na udongo, upande mmoja limegusana na ukuta kwa sababu kibanda kilikuwa chembamba, na upande wa pili ikabaki nafasi ya ubao mmoja wa kukatia na mtu mmoja wa kusimama. Hapo alipika chapati, akazikata vipande virefu vyembamba, akavikaanga tena pamoja na kitunguu, kabichi, nyanya na mayai. Mwenye hamu ya nyama aliongezewa maini. Watu wa ofisini walikuja, mafundi walikuja, na wakulima walioleta mahindi mjini walikula wamesimama huku wakipuliza vidole.

Mama alikuwa mtu wa Mbeya aliyeolewa Ufipa. Maneno yake yalikuwa machache, ila kwenye kisu hayakumwisha. Kisu hakipiti juu ya bamba, alisema. Kilicho motoni kinagawanywa kwa ukingo wa mwiko, kwa sababu mafuta yanateleza na hujui ncha ya kisu ikigonga chuma itaelekea wapi. Ubao lazima utandikiwe kitambaa chenye majimaji, usitembee. Vidole vinakunjwa, kucha zinatazama ndani. Kisu kikikuponyoka, kiache kianguke na wewe ruka nyuma; anayedaka kisu hana akili. Maini yana ubao wake na kabichi ina wake. Na wale wanaokatia nyanya kiganjani, yaani karibu wanawake wote ninaowajua mimi, aliwaambia wakafanye hivyo makwao. Pale kwake mafuta yanaruka, na mtu akishtuka wakati kisu kimo kiganjani, basi.

Niliyajua yote hayo kwa moyo kabla hata sijagusa mpini. Nilikitaka kisu kile kuliko nilivyotaka viatu vipya. Kwa hiyo msaidizi wa mama alipoolewa na kuhamia kwa mumewe, wenzangu nyumbani walisikitika, mimi nikafurahi bila aibu. Nafasi imepatikana.

Tatizo lilikuwa moja, nami mpaka leo natembea nalo kwa raha zangu: nina mashoto. Bibi, mama yake baba, ambaye aliishi Mwazye, alikuwa ameshajaribu kunirekebisha. Likizo moja alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, nikala ugali wa ulezi kwa mkono wa kulia mpaka kifua changu kikala zaidi yangu. Niliporudi mjini mkono ulifunguliwa, ukaendelea na maisha yake.

Siku ya kwanza mama, kwa kutotaka maneno na watu, aliniambia nikate kwa mkono wa kulia. Kitunguu kilitoka vipande vya kila ukubwa, na kidole changu nacho kikachangia damu. Mama alikitupa kitunguu chote, akaosha ubao, akanifunga kidole. Siku nyingine akasema, haya, tumia huo wa kwako. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Bamba lilikuwa kushoto kwa ubao, kwa hiyo kila nilipokata kiwiko changu kilikuwa juu ya moto. Tone la mafuta likaruka, likanipata, nikashtuka, kisu kikaniponyoka. Niliruka nyuma kama nilivyofundishwa, na kisu kikatua palepale mguu wangu ulipokuwa.

Nilisubiri nikemewe. Mama hakunitazama mimi. Alitazama ubao, akatazama bamba, akatazama ukuta, muda mrefu, mpaka mteja mmoja akauliza kama chapati zake zinaungua.

Jumapili baada ya misa alivaa kanga kuukuu, akalibomoa jiko lake tofali kwa tofali. Nikabeba maji ya udongo, yeye akajenga upya, safari hii bamba likakaa kulia, ubao kushoto. Jirani alimuuliza kama amekosana na jiko. Mama akacheka tu.

Ndugu zangu, nilikata. Nasema hili bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo. Kabichi ilitoka nyembamba hadi unaona ubao kupitia kwake. Kisu kilikuwa mbali na moto, kiwiko kikapata hewa, na ukingo wa nyuma wa kisu ukasukuma vitunguu hadi kwenye bamba bila mkono wangu kukaribia mafuta. Nikitoka shule tu, navua sare, nanawa, nasimama mahali pangu. Wateja wakaanza kumwambia mama, "Mama Skola, huyu mtoto ana mkono." Hawakutaja ni upi.

Bibi alikuja mjini na unga wa ulezi kichwani. Nilimwamkia shikamoo kwa mkono wa kulia, nikiwa na adabu zangu zote, nikamkalisha kwenye benchi. Kisha nikasahau, nikashika kisu.

"Kumbe bado," bibi alisema. "Mama Skola, mkono huo ndio unalisha watu?"

"Mkono unakata tu, Mama," mama akajibu, macho chini kama ilivyompasa mkwe. "Kugawa nagawa mimi."

"Likizo hii naondoka naye. Atakaa kwangu mpaka mkono unyooke, na kisu asikiguse tena."

Bibi hakuwa mtu wa kutania. Nilihisi mpini ukiwa baridi mkononi mwangu. Nilimtazama mama, nikitaka abishe, apige kelele, afanye chochote. Mama aligeuza chapati taratibu.

"Sawa, Mama," alisema. "Ila kabla hamjaondoka, naomba umwonyeshe hapahapa, nami nijifunze."

Bibi akainuka. Alijifunga kanga vizuri, akachukua kisu kwa mkono wa kulia, akasimama mahali pangu. Alikuwa mkataji mzuri, sitamsingizia. Lakini sasa kiwiko chake ndicho kilichokuwa juu ya bamba. Mama alikuwa ametoka kumwaga maini yenye majimaji kwenye mafuta, na maini hayakujali mtu ametoka Mwazye au wapi. Yaliruka. Bibi alishtuka, kisu kikaanguka chini, na mama akawa ameshamshika mkono anaumwagia maji ya baridi hata kabla hajasema neno.

Bibi alikitazama kiwiko chake.

"Jiko hili limejengwa vibaya," akasema.

"Ndiyo, Mama. Kwa mkono wako limekaa vibaya. Kwa wake limekaa vizuri."

Bibi alirudi kwenye benchi. Mimi nikaanza kufikiria nguo nitakazofungasha. Halafu akasema, "Osha kisu hicho, ukate nione." Nikakata. Hakunisifu, watu wa nyumbani kwetu hawasifu mtoto mbele yake. Alikula sahani nzima, akafuta mdomo, akatoa hukumu: "Kukata, kata nao. Lakini mtu usimpe chakula kwa mkono huo." Nilikubali, na mpaka leo nagawa kwa kulia. Alirudi Mwazye bila mimi.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama ushindi. Mama mjanja, bibi mkali, mimi na kisu changu. Nikakua, nikafungua mgahawa wangu humu humu mjini, nikamwambia fundi aweke bamba kulia na ubao kushoto, kama nilivyozoea. Nikamwajiri Oliva, binti kutoka kijiji cha Kate, mchapakazi, mwenye adabu hadi unasahau kumuuliza kama amechoka. Asubuhi moja alikunja mikono ya shati aoshe vyombo, nikaona madoadoa meusi kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mapya juu ya makuukuu.

"Oliva, hiyo nini?"

"Mafuta tu, dada. Nimeshazoea."

Anatumia mkono wa kulia. Nililitazama jiko langu kwa mara ya kwanza nikiwa upande wake, nikaona kiwiko chake kinakaa juu ya bamba, nikamkumbuka mama. Maana mama naye anatumia mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nikifika kibandani baada ya shule. Asubuhi yote, tangu wateja wa chai hadi mchana, alikata na kupika peke yake, kwenye jiko alilolijenga kwa ajili yangu. Na mama alivaa sweta la mikono mirefu mwaka mzima, hata Oktoba jua linapowaka, nasi tulimtania kwamba mtu wa Mbeya amekuja na baridi ya kwao.

Jioni ile nilikwenda kwake. Sikuzunguka, nilimwomba anionyeshe mkono. Alikataa kwanza, kisha akapandisha sweta. Sitaeleza nilichokiona. Nililia, mtu mzima mimi, na yeye akaniona mjinga.

"Mimi nilikuwa najua moto uko wapi," alisema. "Wewe ulikuwa mtoto."

Mgahawani sasa nina ubao kulia na ubao kushoto, bamba katikati, na Oliva anasimama anapotaka. Nina nafasi ya kufanya hivyo. Kibanda cha mama kilikuwa na upande mmoja tu usiounguza, na aliponipa hakuniambia kwamba ni mmoja.