Neno Keep na Ng'ombe Wangu

Nimefundisha Kiingereza darasa la sita miaka mingi, na kati ya vitenzi vyote vya lugha ile hakuna ninachokichukia kama "keep". Vingine vina adabu. "Eat" ni kula, basi, tunaendelea. Hiki hakisemi wazi kiko upande wa nani. Watoto hukijua kwa "keep quiet" na "keep left", na wenye kuku nyumbani hukijua kwa "keep chickens", kufuga kuku. Shida iko mbele kidogo. Ukimwachia mtu kitu naye akakikeep, je, amekutunzia au amekudhulumu?

Wakati wa fujo za baada ya uchaguzi nilikuwa nikiishi Eldoret, pembeni mwa mtaa wa Kapsoya, na mtoto wangu mchanga na ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi Eldoret, mimi nikazaliwa hapa, lakini wiki ile hakuna aliyeuliza ulizaliwa wapi. Waliuliza baba yako alitoka wapi. Jirani yangu alikuwa mwenyeji, wa kabila la pale, na mwalimu mwenzangu. Tulikaa meza moja staffroom tukigawana chaki na umbea. Vijana waliokuwa wakifukuza watu na kuchoma nyumba walipotokea mwisho wa barabara yetu, alikuja uani mbio bila viatu. Mtoto nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Ng'ombe hafungwi mgongoni. Jirani akanipokonya kamba, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza chetu cha kazini: "Go. I will keep her."

Nilikimbilia kituo cha polisi, kisha kwa shangazi kule ziwani. Huko nilipata shule ya kufundisha, lakini usingizi ulinipotea kwa sababu ya maneno yale. Kiswahili kingemlazimisha achague. Angesema "nitakuwekea", ile "ku" katikati ingekuwa mimi, nimekaa ndani ya neno lenyewe na mali yangu. Angesema "nitabaki naye", ningejua nimeibiwa. Nilimpigia simu, haikupita. Nilimwombea asubuhi, jioni nikamlaani, na yote mawili niliyasema kwa moyo mmoja.

Siku moja niliwapa watoto watunge sentensi kwa neno hilo. Msichana mmoja, naye amekimbia kama mimi, akaandika: "My uncle kept our land." Nilibaki na kalamu nyekundu mkononi. Sarufi yake haikuwa na kosa. Nikamuuliza huyo mjomba aliwatunzia shamba au aliwanyang'anya. Akasema hajui, hata mama yake hajui bado. Nikampa vema, nikaenda kulia chooni.

Mambo yalipotulia nilirudi Eldoret kumdai ng'ombe wangu, nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta zizini kwa jirani, amenenepa, ndama ubavuni. Jirani alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniingiza ndani na kufunga mlango kabla ya kusema lolote. Safari hii alitumia Kiswahili.

"Mwalimu, nilikuwekea. Lakini waliniuliza huyu ni wa nani, nikasema ni wangu, uliniuzia kitambo. Wangejua ni uongo, wangechoma kwangu pia."

Nikamwambia basi, fujo zimeisha, anirudishie. Akatikisa kichwa. Wale vijana hawajahama, alisema. Ni watoto wa hapa hapa, wengine tuliwafundisha wenyewe, na mmoja wao huja kila jioni kununua maziwa. Ng'ombe akitoka pale na mimi, wote watajua alidanganya, na alidanganya kwa ajili ya nani. Alisema hayo akilia. Nilimwamini, na bado nilikuwa na hasira. Mwizi ningemshtaki kwa chifu. Huyu ningemfanya nini?

Nikaomba angalau nimwone kwa karibu. Tukatoka nyuma ya nyumba hadi zizini. Nilisema neno moja tu, ng'ombe akainua kichwa, akaja moja kwa moja, akaanza kunilamba kiganja, kisha mkono wote mpaka kiwikoni. Ng'ambo ya ua watu walikuwa wakipita wakitoka sokoni. Jirani yangu akanigusa bega, akaniambia kwa upole nirudi ndani, kabla mtu hajaona jinsi ng'ombe anavyonijua.