Bia ya Ulaya Niliyoitema

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa ninyi wa sasa mkisikia mtacheka. Ilikuwa miaka ya Zaire, shaba ikilisha mji mzima. Ilunga alileta posa nyumbani kwetu, katika mtaa ulioitwa Kenya huko huko Zaire, pamoja na wajomba zake wawili. Alikuwa fundi wa mitambo mgodini Kipushi, nami nilimpenda mno.

Kwetu posa haikujibiwa kwa maneno. Pombe ya wageni ilifunguliwa, binti akapewa bilauri ya kwanza. Akinywa na kumpokeza baba yake, amekubali. Asipokunywa, basi, wageni wanabeba vitu vyao, na hakuna kuulizwa mara ya pili.

Sasa Ilunga, kwa kutaka kumheshimu baba, akaona bia yetu ya kila siku haitoshi. Alileta chupa za kijani kutoka Ulaya, alizouziwa na mzungu mmoja wa kazini. Mimi nilikuwa sijaonja kitu zaidi ya munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mahindi alichopika mama. Nikapiga funda kubwa kwa furaha. Uchungu ule, mwanangu, sijui nikuelezeje. Uso ukanikunjamana, nikatema sakafuni mbele ya watu wote.

Baba alinitazama kidogo, akawaambia wageni, "Mutoto anakatala. Mubebe pombe yenu."

Ilunga alisimama mlangoni akiningoja niseme neno. Sikusema. Niliona aibu, nikajiambia kesho nitamweleza mama taratibu. Lakini baba alikwisha kutamka mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Kabla mvua hazijakwisha Ilunga akaoa mwanamke mwingine mjini Likasi.

Mama alipoujua ukweli akasema, "Ungesema tu 'iko buchungu', baba yako angecheka."

Nikaolewa kwingine, nikazaa, na mume niliyepewa alikuwa mtu mwema. Hata hivyo zipo siku nalia peke yangu, mzee mzima, wala sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwaachie watu wakusomee usoni jambo la moyo wako. Sema, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wakubwa wamekaa. Aibu yangu ingepita jioni ile ile. Kunyamaza nimezeeka nako. Mungu akufungue kinywa siku yako ikifika, akuingize katika nyumba uliyoitaka mwenyewe.