Nilivyokwenda kwa Doto Kutafuta Kasoro

Pampu ya kijiji chetu ilikuwa imekaa miezi mitano bila kutoa tone, na mwenyekiti wa kamati ya maji nilikuwa mimi, mwaka wa kumi na moja huo. Nikiitisha kikao, wanakuja watu saba. Katika kikao cha mwisho mmoja wao akasema, "Kwa Doto maji yanatoka. Nenda ukajifunze."

Doto ni pacha wangu, ameolewa upande wa Nzega. Shuleni nilikuwa namwandikia insha. Nilikubali kwenda, lakini moyoni nilikuwa nakwenda kutafuta kasoro.

Jumanne asubuhi nilipanda gari la Tabora pale Kigwa. Njia ile zamani walipita wapagazi wa misafara, na njiani nilijitetea kimoyomoyo. Taratibu zetu ziliwekwa wakati mvua zilipokuwa na mwezi wake, vijana wakibaki nyumbani na habari zikitoka ofisi ya kijiji. Sasa mvua zinakuja zinapotaka, vijana wamekwenda mijini, kila mtu ana habari zake kwenye simu. Ningefanya nini?

Tabora nilibadilisha basi. Saa nane mchana nilikuwa Nzega, na bodaboda ikanipitisha kwenye mashamba ya pamba hadi kwa Doto.

"Karibu, Kulwa. Umekonda."

"Nimeshakaribia. Nataka kukuona ukiongoza kikao."

"Siongozi. Msimu huu ni Hamisi, fundi baiskeli. Zamu yangu ilikwisha."

Akanieleza. Majina ya kaya zote yanawekwa kwenye kapu, yanachomolewa saba. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, saba hao wanatoka, wanaingia wengine.

"Si wewe uliyeanzisha? Ukaachia tu?"

"Nililia siku mbili," alisema, akaendelea kuchambua mchicha.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi tulikwenda kisimani. Kikao chao kinafanyika palepale, watu wakichota maji. Hakukuwa na meza wala kiti. Nilimwamkia mama mzee mmoja, Bi Nyanzala, shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa na lake.

"Doto," alisema mbele ya watu wote, "jana umempitisha wifi yako mbele ya foleni. Nilikuona."

Nilifurahi, sifichi. Nikasubiri Doto apandishe sauti.

"Ni kweli, mama. Nimekosa."

Hamisi akauliza watu wanasemaje. Wakakubaliana Doto achote wa mwisho wiki nzima. Bi Nyanzala akamsaidia kujitwisha ndoo, wakaondoka wakizungumza habari za kuku.

Furaha yangu ikaisha. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kunilalamikia usoni, na mimi niliona ni heshima. Kumbe waliacha tu kuja. Nilimwonea Doto wivu kuliko tulipokuwa watoto, na si kwa sababu ya maji yake. Ni kwa sababu ya ule ujasiri wa Bi Nyanzala kumsema.

Ijumaa nilirudi. Jumapili, watu walipotoka kanisani, niliwaita kwenye pampu yetu kavu nikawaambia, "Leo nisemeni mimi."

Roza, mama wa watoto watatu, akasema, "Mzee, funguo za banda la pampu ulikuwa unasafiri nazo." Baada yake wakasema kumi na wanne. Niliwajibu wawili tu, waliobaki niliwasikiliza.

Tulichomoa majina. Langu halikutoka. La Roza lilitoka, akashika nafasi yangu, watu wakachanga, na kabla ya mwezi kwisha fundi alikuwa ameshaitengeneza pampu.

Nilichojifunza ni kwamba utaratibu uliochakaa una mtu anayeukalia, na kwetu nilikuwa mimi. Siku hizi vikao vinajaa. Nikipita na kusikia watu wakimsema Roza, naye akiwajibu, roho bado inaniuma.