Ngozi si Kibuyu cha Maziwa

Mwanangu, kabla sijasema neno nitaje waliokuwepo siku ile, maana habari isiyo na majina ni kama ng'ombe asiye na alama, kila mtu atadai ni wake. Tulikuwa wanne. Mimi Habiba, kichwa changu bado cheusi na maneno mengi mdomoni. Mdogo wangu Halima, aliyenifuata ziwa. Mumewe Bonaya, shemeji yangu, aliyekaa nje ya mlango kwa heshima. Na Mama Komora, jirani yetu Mpokomo wa Ndera, muuguzi aliyestaafu kazi ya zahanati, ambaye aliingia bila kubisha hodi. Mtajua kwa nini hakubisha.

Nyumba ilikuwa yangu, hapahapa Garsen. Halima alikuwa ametoka hospitali kubwa huko pwani. Utumbo wake ulikuwa umejisokota, wakakata sehemu iliyooza, na ncha iliyobaki wakaitoa nje upande wa tumbo. Kitundu chekundu, chenye unyevu kama ndani ya shavu. Choo kilitokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Hakikuwa cha milele. Walimwambia arudi baada ya miezi mitatu, utumbo urudishwe ndani, tumbo lishonwe, awe mtu kama watu. Bonaya akanikabidhi. "Shemeji, huyu ni wako mpaka siku hiyo."

Wauguzi walikuwa wamemfundisha Halima. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kausha, kata tundu la mfuko lienee kitundu tu, kisha bandika. Basi.

Mimi nikacheka.

Sisi wafugaji tuna usafi wetu, mwanangu. Kibuyu cha maziwa hatukioshi kwa maji, maji hukiozesha. Unakisugua ndani kwa kijinga cha moto, unakifukiza moshi, unakipaka samli, na maziwa yakikaa humo yananukia hata kwa jirani. Mama aliyejifungua tunamfukiza na kumpaka samli. Kidonda cha mwiba, samli. Sasa nije kuambiwa maji matupu?

"Dada, walisema kusiwe na mafuta," Halima akaniambia.

"Hao wauguzi wamewahi kukamua nini? Hata kibuyu cha maziwa ya mbuzi hakioshwi kwa maji."

Akacheka, akijishika tumbo kwa maumivu. "Haya, nifukize. Nikichacha, shauri yako."

Alisema kwa mzaha. Neno hilo limekaa nami hadi leo.

Nikamfukiza, nikapaka samli kuzunguka kitundu, nikabandika mfuko juu yake. Haukukaa. Kipi kitashika juu ya samli? Kufika adhuhuri ulikuwa umeteleza na choo kimetambaa chini yake. Nikalaumu mfuko. Wa pili nikaukata tundu kubwa, upana wa kikombe, nikidhani gundi itashika mbali na samli. Sasa ile ngozi iliyobaki wazi ikawa inalala ndani ya choo mchana kutwa. Ikawasha. Ikawa nyekundu. Ikachubuka, ikatoa majimaji, na kadiri ilivyotoa majimaji ndivyo mfuko ulivyokataa kushika. Nami nikaongeza samli. Mifuko aliyopewa, mmoja wa kukaa siku tatu, mimi nilimaliza mitatu kwa siku moja.

Halima akaacha kula. Sikujua. Alikuwa anampa paka chakula, ili kisitoke kitu cha kumchoma.

Siku ninayoisimulia alipiga ukelele nilipombandua mfuko. Ndiyo maana Mama Komora hakubisha hodi. Aliingia na unga wa ugali mikononi, akatazama tumbo, akatazama samli, akanitazama mimi.

"Habiba! Huyu ni mtu. Si kibuyu."

Nikaanza kujitetea. Akanikatiza. "Nyamaza. Choo kinachotoka hapa bado kina ukali ule wa kusaga chakula. Ukikiacha juu ya ngozi kinaisaga ngozi. Mdogo wako unamsaga, mama."

Akanawa mikono. Akatoa samli yote kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, akakausha kwa kugusagusa, hakusugua. Akapima kitundu kwa kipande cha boksi la majani ya chai, akakata tundu la mfuko kwa kipimo hicho, akabandika, akauweka mkono wake juu mpaka gundi ikapata joto. Halima akafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili mtu kumgusa bila kumuumiza, na mtu huyo hakuwa mimi.

Bonaya kutoka nje akasema, bila kupaza sauti: "Shemeji, nilikukabidhi mke mwenye kidonda kimoja. Umemfanya wa vidonda viwili."

Mifuko niliyoimaliza ovyo haikupatikana mingine upesi, na siku ya kurudi hospitali ilipofika, ngozi haikuwa imepona. Daktari alikataa kupasua juu ya ngozi mbichi. Akasema ipone kwanza, ndipo apangiwe siku nyingine. Kisha mto ukafurika, barabara ikakatika, na siku nyingine ikawa mwaka. Katika mwaka huo Bonaya alipeleka ng'ombe malishoni na akarudi na mke wa pili. Sisemi ni kwa sababu yangu. Sisemi si kwa sababu yangu.

Halima alishonwa mwishowe. Anaishi Chara kwa mwanawe. Akija Garsen ananisalimia, anakaa mkekani, ananiuliza habari za watoto. Nikimletea maziwa anasema, "Nimeshiba, dada." Miaka yote hii ameshiba. Nanyi mnajua kwetu kukataa maziwa ya nyumba ya dada yako ni neno gani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la nani. Na wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao kumi na mmoja, majuto ni wa kumi na mbili, na ndiye anayeamka wa kwanza.

Basi shika haya, mwanangu unayeuguza. Ukipewa mgonjwa mwenye mfuko, mwenye mwili ndiye mwalimu wako; alichofundishwa kifuate. Maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, usipake mafuta. Pima kila mara, maana kitundu hupungua siku za mwanzo, na tundu la juzi leo ni kubwa. Akisema panawaka, bandua utazame saa hiyohiyo, usingoje mfuko ujae. Na pakichubuka, mpeleke kwa muuguzi kabla hujaenda kwa samli yako. Tazama sahani yake pia, na umtazame paka. Usimuonee kinyaa, lakini usimpende kwa ujuaji. Wangu ulikuwa upendo, na uliunguza.

Mungu akupe mikono myepesi na masikio ya kushika neno. Awalinde mnaowauguza, wasije wakashiba kwenu kabla ya kula.

Kama kuna jina nimelikosea, au siku nimezichanganya, nisahihisheni, sitakasirika. Na mkimwona Halima huko Chara, mwambieni aje anisahihishe yeye mwenyewe. Kibuyu nimekifukiza.