Chota Chini

Choroko hazina makuu. Unazichagua kwenye ungo, unatoa mawe, unaosha, unabandika na maji ya kutosha, na baada ya muda si mrefu zimepasuka. Kunde kavu zinataka kulowekwa, na kama ni za zamani unatia magadi kidogo tu. Ukizidisha zinanuka kama sabuni. Dengu ndizo kaidi. Usipoziloweka tangu jana yake utamaliza kuni, na bado zitagonga sahani. Haya yote niliyajua nikiwa darasa la sita, kijijini kwetu Kiriba, nikijiona tayari mwenye hoteli Musoma mjini, yenye vitambaa vya maua mezani.

Nilichokuwa sikijui ni kimoja.

Mwaka huo madukani hakukuwa na kitu. Tulipanga foleni ya sabuni tukarudi na kiberiti. Baba alikuwa mvuvi, lakini nyavu zake zilishaoza na nyuzi hazikupatikana, kwa hiyo tuliishi kando ya ziwa bila samaki. Mdogo wangu wa kike, wa miaka miwili, akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu, laini, kama ndevu za mahindi. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo mama alipoogopa.

Akampeleka Musoma, hospitali. Nesi akasema, samaki kama hakuna, mpeni choroko, mpeni kunde, kila siku. Bibi mzaa mama alipopata habari alikuja kutoka Butiama na choroko alizokuwa amezihifadhi kwenye majivu kwa ajili ya kupanda.

"Mama, hizi si mbegu?" mama akauliza.

"Mbegu tutatafuta. Huyu tutamtafuta wapi?"

Kupika ikawa kazi yangu, na sisemi uongo, niliifurahia. Zikishalainika nilimchotea mdogo wangu supu ya juu, ile nyembamba, bakuli zima. Kwetu sisi watu wa samaki, mgonjwa anapewa mchuzi. Furu ni samaki mdogo, mwili wake miiba mitupu. Nguvu yake tunaitafuta kwenye mchuzi. Choroko zilizobaki chini tulizila sisi na ugali, wakubwa kwanza.

"Kunywa, mheshimiwa," nilimbembeleza. "Kesho unanishinda mbio."

Alikunywa vizuri. Alimaliza kila siku. Miguu ikazidi kuvimba.

Wiki ya tatu tulirudi kwa nesi, na mimi nikaenda.

"Mama, huyu unampaga nini?"

"Choroko, kila siku. Huyu dada yake ndiye anapika."

Nesi akanigeukia. "Unazipondaje?"

"Sizipondi. Nampa supu."

"Na choroko zenyewe anakula nani?"

Mama akaangalia sakafu. Mimi niliangalia miguu ya mdogo wangu. Nesi hakutugombeza; bora angetugombeza. Alichukua kijiko akanionyesha kuponda, kuongeza karanga kama zipo. "Hiyo supu ni maji, mdogo wangu. Chota chini."

Nilichota chini siku nne. Siku ya tano, asubuhi, hakufungua mdomo. Nilikaa na kijiko mkononi mpaka mama akaja kukichukua.

Msimu ule, baada ya mazishi, shamba la bibi lilikaa bila choroko. Hakuwahi kutuuliza kitu.

Siku hizi maduka ya Nyakato, hapa Musoma mjini, yamejaa. Wanaleta mpaka adesi, zile punje ndogo nyekundu, zinaiva kabla hujamaliza kukata kitunguu. Nina kibanda cha chakula. Vitambaa vya maua bado, lakini vinakuja. Juzi mama mmoja alikaa na mtoto mapajani.

"Dada, huyu mwekee mchuzi tu. Ndo wenye nguvu."

Nikazamisha upawa mpaka ukagonga sufuria. Nikaziponda choroko palepale, mbele yake.

"Mchuzi utaunywa wewe, mama," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka. Wateja wengine waliniita, mmoja akapiga meza. Sikwenda. Nilisimama pale mpaka mtoto akamaliza.