Mstari Mwekundu Kwenye Daftari la Mashavu

Mimi Bernadina nikikasirika huwa sifichi, na mwaka ule wa 2002 nilimkasirikia Mashavu kwa sababu ya daftari. Tulikuwa chumba kimoja pale Manundu, kwenye kituo cha kompyuta cha Habakuki. Mimi nachapa barua za watu. Yeye anafagia, anachemsha chai, na kila akipata upenyo anavuta kiti nyuma yangu, anachungulia skrini na kuandika kwenye daftari lake kuukuu. Mtu akinipumulia kisogoni siwezi kuchapa, jamani.

"Dada Mashavu, kwani hiyo chai inajichemsha?"

"Nyie Wasambaa kwa gubu hamjambo," ananijibu, Mzigua huyo, wala hasogei.

Hakuzaliwa na ufagio. Miaka kumi na minane alikuwa opereta wa simu hapa Korogwe. Enzi zile ukitaka kuongea na ndugu yako wa mbali, ulimtajia Mashavu jina, naye ndiye aliyejua pa kuchomeka waya. Yote aliyaweka kwenye daftari. Kila mtu na ukurasa wake: juu jina kamili, chini yake majina mengine anayoitwa, halafu namba za mahali anapopatikana, moja chini ya nyingine. Namba zikiisha, anapiga mstari mwekundu, maana yake usitafute zaidi. Mzee Lekakeny, mfugaji wa Handeni, nimeuona ukurasa wake. Anaitwa pia Baba Kaika. Mtafute duka la dawa za mifugo, hayupo, misheni, hayupo, ofisi ya kata. Mstari.

Kisha ikaja mitambo mipya inayounganisha simu yenyewe, watu wakapunguzwa kazi, Mashavu akiwemo. Alitoka na barua moja na daftari lake.

Kituo chetu kiliishi kwa kazi moja. Kila asubuhi tulituma taarifa za magonjwa ya ng'ombe wa Handeni kwa mradi fulani wa mifugo Dar es Salaam, kwa programu aliyoiandika kijana mmoja anaitwa Valerian. Masika yale programu ikaanza vituko. Leo inapita, kesho inagoma. Valerian akipigiwa simu huko Dar anasema ni vumbi. Nikafuta vumbi mpaka vidole vikachubuka, haikusaidia. Mradi nao ukachoka: taarifa zisipotulia mpaka Ijumaa, kazi watapewa wengine. Habakuki alitwambia waziwazi kwamba ikifika hapo anafunga mlango, kila mtu kwao.

"Nipe mimi," alisema Mashavu. "Nikiitengeneza, ufagio mpe mtu mwingine. Mimi nikae kwenye mashine."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kabisa, na mpaka leo naona aibu. Habakuki hakucheka, maana hakuwa na mwingine wa kumpa.

"Haya mama, jaribu."

Kumbe miezi yote ile alikuwa anasoma kitabu cha kuandika programu alichokiacha Valerian. Na kule nyuma yangu, wiki tatu mfululizo, aliandika kila asubuhi anwani ya kompyuta ya Dar iliyotokea kwenye skrini, na kama taarifa imepita au imegoma. Akanionyesha. Siku zote zilizogoma zilikuwa na anwani moja ileile.

"Kompyuta za Dar tunaziita kwa jina," alinieleza, "lakini jina halipigiki. Programu inauliza, huyu yuko wapi? Inaletewa ukurasa: jina kamili, majina mengine, halafu orodha ya anwani. Mwisho wa orodha panaachwa patupu, kama mstari wangu mwekundu. Sasa programu ya huyu mtoto Valerian inasoma anwani ya kwanza tu! Orodha inabadilika mpangilio. Nzima ikikaa juu, tunapita. Mbovu ikikaa juu, tunagoma. Yaani umtafute Lekakeny duka la dawa, umkose, urudi kuniambia amekufa!"

Khaa! Nikamwambia anitajie, nami nichape.

Alhamisi asubuhi tulichapa mistari ya kufuata orodha mpaka mwisho wake. Mashine ikaikataa, kumbe nimesahau nukta mkato moja. Akanifokea, nikamfokea. Tukarekebisha, tukaiendesha. Anwani mbovu ilikuwa juu, ikagoma. Programu ikaenda ya pili, ile nzima, nayo ikagoma. Tukarudia mara tano, wapi!

Mashavu akaweka mikono mapajani. "Labda mimi ni wa chai tu, Bernadina."

Iliniuma, na mimi nikiumia nakuwa mkali. "Acha ujinga! Ulipokuwa opereta, laini ikikataa ulikaa hivyo ukilia? Ulifanyaje?"

"Si nachomoa waya, ndiyo nachomeka kwingine..." Akainuka. "Hatujachomoa! Tumeikatia tamaa anwani ya kwanza lakini waya tumeuacha humohumo!"

Ilikuwa mistari miwili tu: funga njia iliyoshindikana, fungua mpya, ndipo ujaribu anwani inayofuata.

Ijumaa Habakuki alisimama nyuma yetu, na safari hii sikumwambia mtu asinipumulie. Anwani ya kwanza ikagoma. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, skrini ilikuwa imeandika kwamba taarifa imepokelewa. Nilipiga kigelegele mpaka wateja wa duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Habakuki alikwenda pembeni, akauchukua ufagio, akaanza kufagia mwenyewe, vibaya kweli.

Mashavu akafungua daftari kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuuona. Mashavu Mhina. Anaitwa pia Mama Yusra, Dada wa Simu. Chini yake namba moja tu, ya chumba cha mitambo ya simu, halafu mstari mwekundu na tarehe. Ilikuwa tarehe ya barua ya kupunguzwa. Alikuwa amejipigia mstari mwenyewe siku ileile.

Chini ya mstari ule akaandika: Kituo cha kompyuta, Manundu.

"Namba ya simu ya hapa?" akaniuliza, kana kwamba hajaifuta vumbi simu ile miaka miwili.

Nikamtajia, huku machozi yananitoka bila haya.

"Taja polepole, Msambaa wewe, naandika."

Nikarudia polepole. Aliandika tarakimu ya mwisho, akafunika kalamu. Hakupiga mstari.