Begi la Ndugu Yangu Kando ya Gari

Wageni walisimama mlangoni pa boma wakipunga mikono, na mbwa wetu akawabwekea bure. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwangalia. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto wa muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, nikatoka na mwiko mkononi, nikasema karibuni. Nikarudia kwa sauti kubwa. Ndipo nikakumbuka, nikaanza kupunga mwiko.

Walikuwa wametoka ng'ambo, wanafunzi viziwi na mwalimu wao ambaye pia ni kiziwi, wanazunguka wajionee viziwi wa nchi nyingine wanaishije. Walikuwa wamekaa kwanza Kitui kwenye shule moja, sasa walikuwa wanatembelea nyumba za huku Makueni zenye kiziwi. Hapa Kathonzweni walikuja kwetu kwa sababu ya ndugu yangu. Walikuwa na kijana kiziwi wa mji wa Wote wa kuwaonyesha njia, na mkalimani wa Kitui ambaye anasikia. Huyo alinisalimia na Kikamba chao cha Kitui, nikamwambia nimefurahi kupata mmoja ninayeweza kumcheka lafudhi.

Ndugu yangu ni kitinda mimba wa mama yetu. Ni mtu mzima mwenye ndevu, anachoma matofali na watu wanakuja kuyanunua. Shuleni hakukaa. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, kwa hivyo sina maneno juu ya shule ya mtu. Tangu mama afariki, mimi ndiye mdomo wake. Tuna ishara zetu za nyumbani, tulizitunga tukiwa watoto. Mbuzi ni kushika kidevu. Wote ni kujifinya mkono, kwa sababu aliwahi kupelekwa hospitali huko akadungwa sindano. Mvua, kuni, kula, njoo, ngoja. Hizo zilitutosha. Ama niseme zilinitosha mimi, yeye sijui.

Nilidhani siku hiyo nitakuwa na kazi nyingi ya kumsemea. Lakini kufika saa ya chai alikuwa katikati yao. Hawakuwa na ishara moja, hata yule kijana wa Wote na wageni walikuwa wakikwama, lakini walikuwa wanaigiza, wanachora mchangani, wanarudia bila kuchoka. Ndugu yangu alikuwa anacheka ile sauti yake ambayo kanisani huwa namfinya aipunguze. Kisha akasema kitu kirefu kwa mikono, wote wakanigeukia, wakacheka.

Nikamuuliza mkalimani amesema nini.

"Mama, hayo ni yao," akasema. "Mimi hutafsiri mtu akiniomba nimtafsirie."

"Si mimi nimekuomba?"

"Umeniomba nikusikilizie. Hiyo ni kazi nyingine."

Nilikasirika. Baadaye nikafikiria, kama mtu angebeba maneno yangu ya kisimani akapelekea wengine, ningegombana naye hadi kwa chifu. Kwa hivyo mkalimani alikuwa sawa. Lakini ilikuwa kwangu, na muthokoi ni wangu. Jirani yangu, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi na hakutaka kuondoka, akaniambia leo kiziwi ni mimi, nikae ninywe chai kama viziwi wengine.

Kabla hawajarudi Wote kulala, mwalimu wao aliniita. Kupitia kwa mkalimani alinieleza kwamba mwaka ujao ziara inageuka. Watu wa nyumba walizotembelea watapelekwa ng'ambo mwezi mmoja, wakae na familia za viziwi huko. Nauli si yetu. Walitaka ndugu yangu aende, na walitaka jibu siku ya kuondoka.

Nilijibu haraka kwamba hataweza.

Mwalimu aliangalia mikono ya mkalimani, kisha akaniangalia mimi. Hakukasirika. Jibu lake lilikuwa, "Tutamuuliza yeye. Wewe tumekuambia kwa sababu nyinyi ni nyumba moja. Zungumzeni kwanza."

Zungumzeni. Mimi na yeye tumezungumza miaka yote, lakini juu ya vitu vya kuonyesha kwa kidole. Jioni nikamfuata kwenye tanuri lake la matofali. Nikamwonyesha juu, zile ndege zinazopita. Nikaonyesha mbali. Nikalaza kichwa kwenye kiganja mara nyingi, yaani kulala huko siku nyingi. Nikaonyesha wageni, ile ishara tuliyokuwa tumewapa mchana, nikamwonyesha yeye.

Akajigusa kifua.

Nikakubali kwa kichwa. Nilimaanisha ndiyo, ni wewe ninayekuongelea. Nikangoja jibu. Yeye akaniangalia, akapangusa mikono, akaingia nyumbani kwake. Hakuja kula. Sikujua kama amefurahi au amekasirika, na nikaona vibaya kumfuata tena.

Siku ya wageni kuondoka walipita kutuaga. Nilipotoka nje nilimkuta ameketi kando ya gari lao amevaa shati la kanisa, begi liko miguuni. Fremu yake ya kufyatulia matofali alikuwa amempa mtoto wa jirani. Funguo za nyumba aliziweka mkononi mwangu bila kuniangalia.

Wageni walichanganyikiwa kama mimi, maana safari ni mwaka ujao. Nilimvuta mkono, akakataa kuinuka. Nikamwita mkalimani.

"Leo nakuomba kabisa. Niulizie."

"Muulize mwenyewe, mama. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye."

Nikamwangalia. Nikauliza kwa Kikamba kwa nini amefunga begi. Mkalimani akalipeleka swali kwa mikono hadi kwa kijana wa Wote, kijana akalipeleka kwa ndugu yangu kwa kuigiza, na jibu likarudi njia hiyo hiyo, polepole.

"Anasema wewe umemwambia aende," mkalimani akasema. "Anasema wewe ukimwambia njoo anakuja, ukimwambia ngoja anangoja. Alikaa akifikiria amekukosea nini."



Nikauliza tena, nikimwangalia, "Na wewe unataka kwenda?"

Aliangalia barabara, akaangalia tanuri, akaangalia begi. Kisha akasema na kijana wa Wote.

"Anauliza, akienda, nani atamrudisha?"

Hapo nilisahau mkalimani. Nikajigonga kifua mimi, nikamwonyesha yeye, nikavuta kama ninavuta kamba, nikaonyesha mlango wetu. Akaangalia mikono yangu mpaka ikatulia.

"Anasema basi ataenda."

Mwalimu alifurahi, akamkumbatia. Mimi nilibaki nimesimama na funguo. Sikuelewa kama amesema ataenda kwa sababu anataka, au kwa sababu nimemwambia tena jambo na yeye hutii. Nilimuuliza mkalimani, alipokuwa anapanda gari, yeye anaonaje.

"Hilo siwezi kulitafsiri, mama," akasema, na naamini alisema ukweli.

Gari likaenda. Ndugu yangu akachukua begi lake akarudi nalo, akaenda kudai fremu yake, mtoto akalia kidogo.

Siku hizi kila Jumapili anaenda Wote kwa viziwi wenzake. Anarudi na ishara mpya, ananionyesha kwamba Wote si kujifinya, lakini mimi bado najifinya. Begi liko juu ya kabati lake. Shati la kanisa analitoa Jumapili, analivaa, analifua, analirudisha humo humo ndani ya begi. Sijui hiyo inasema nini. Jirani anasema ni kwamba hana kabati zuri, na inaweza kuwa hivyo.

Jana nilimuuliza tena kama anataka kwenda, na ishara aliyonifundisha mwenyewe, mikono yote miwili. Alicheka. Akashika vidole vyangu, akavikunja vizuri, akanifanya nirudie, nikarudia. Akakubali kwamba sasa nimeuliza sawa. Kisha akachukua jembe akaenda kuchanganya udongo.